Udongo Uliosifiwa Mara Tatu

Kuna nchi moja, jina lake nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe, ambayo Mkuu wake aliamka asubuhi moja bila gesi tumboni. Msicheke. Gesi ile ilikuwa imemtesa miaka na mikaka, ilikuwa imewaangusha mawaziri kadhaa na daktari mmoja, na hata mabalozi wa nje walijua kwamba ukimwona Mkuu ameshika ubavu, hotuba yako uikate hapohapo ukae. Sasa siku hiyo gesi haikuwepo. Wapishi walipoulizwa amekula nini jana yake walitetemeka wakasema ni mchicha tu, Mtukufu, mchicha wa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wako, haujaonja mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu.

Basi. Kufikia mchana nchi nzima ilikuwa imekuwa ya asili.

Ikaundwa Wizara ya Bustani za Nyumbani, Afya ya Asili na Maisha Yasiyoharibu Kitu, ikapewa jengo la vioo lisilofunguka dirisha hata moja, ili maofisa wajadili hewa safi bila kusumbuliwa na upepo. Kila ofisa aligawiwa gari kubwa linalokunywa mafuta kama halina akili, apate kuwahi mitaani kuwaambia watu watembee kwa miguu. Vipeperushi vya kukataza plastiki viligawiwa nyumba hadi nyumba, kila kimoja kimefungwa kwenye plastiki yake kisilowe. Na salamu ikabadilishwa kwa amri. Ukikutana na mwenzako unasema "Mboji!", naye anaitikia "Inaiva!" Mzee mmoja wa sokoni aliyejisahau akaitikia "Marahaba" alipelekwa semina, na mpaka leo ukimsalimia anakutazama kwanza pande zote ndipo ajibu.

Waziri wa mambo hayo alikuwa Mheshimiwa Krizostomi Bahendwa. Zamani alikuwa Waziri wa Barabara, mpaka barabara zilipoisha. Jembe alikuwa amelishika mara nyingi sana, na kila mara lilipigwa picha. Kitu kimoja tu kilimtofautisha na mawaziri wengine: alikuwa hasemi jambo bila kulirudia. "Ndugu wananchi," angesema, "udongo ni udongo. Narudia: udongo ni udongo." Watu wakapiga makofi, naye akiona kamera moja imechelewa, analisema tena.

Mkumbuke hiyo tabia yake, maana ndiyo iliyomliza Mama Kemi.

*

Mama Kemi alikaa katika mji mdogo wa milimani, mtaa unaoitwa Nyuma ya Soko, nyumba ya vyumba viwili na uani kwake bustani. Hiyo bustani hakuianza kwa amri ya mtu. Aliianza alipoolewa, udongo ukiwa mwekundu na mgumu, jembe linarukia usoni. Akawa anaulisha. Maganda ya ndizi, ya viazi, ya mayai. Majivu ya jikoni. Mavi ya kuku. Majani ya chai yaliyokwisha ladha. Maji ya kuoshea mchele. Mchaichai akauotesha yanakotokea maji ya bafuni, sukuma wiki akazipanda kwenye magunia ukutani, mnavu ukajiotea wenyewe kwa kuona wenzake wanafurahi. Miaka ikapita udongo ukageuka mweusi, laini, ukiushika unaacha mafuta mkononi, na ukiunusa unasikia harufu ya mvua hata kiangazi.

Katikati ya bustani ulisimama mgomba. Chini ya mgomba huo ndipo Mama Kemi na marehemu mumewe walipozika kitovu cha mtoto wao wa pekee, Kemilembe, siku kilipokatika. Ndivyo wafanyavyo watu wa kwao. Mtoto anachezea popote duniani, lakini kitovu chake kina mahali, na mahali hapo pana mgomba, na mgomba ule ni wake.

Kemi alikua. Akawa msichana mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, akamaliza shule, akakosa kazi. Akaenda ng'ambo kufanya kazi za ndani kwa watu wenye nyumba kubwa. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. "Mama, nyanya za huku hazina hata harufu. Ukifumba macho ukazila, huwezi kujua umekula nini." Mama yake anacheka, anampa habari za mgomba: umezaa, umekatwa, umetoa mwingine. Ijumaa moja simu haikuja. Iliyofuata alipiga mtu mwingine, akasema Kiswahili cha kuokoteza, akasema homa, akasema pole, akakata.

Mama Kemi alienda serikalini kuomba maiti ya mwanawe irudishwe. Alipokewa vizuri tu, akapewa kiti, akaelezwa utaratibu. Ili maiti iingie nchini, marehemu mwenyewe alitakiwa afike dirishani kuthibitisha kwa alama za vidole kwamba kweli amekufa. Mama Kemi akauliza, mwanangu, atafikaje na amekufa? Ofisa akamwambia kwa upole kwamba hilo ndilo lililowashinda wengi, na kwamba mtambo haumwamini mtu kwa maneno matupu.

Kwa hiyo Kemi alizikwa kusikojulikana, na mama yake hakupata kaburi. Alipata mgomba. Aliweka kigoda pale chini, na kila asubuhi alikuja na bakuli la maganda ya usiku, akayafukia polepole kwa mkono, akamsimulia mwanawe habari za mtaani: nani kaolewa, nani kagombana na nani, bei ya sabuni. Watu waliendelea kumwita Mama Kemi, naye aliendelea kuitika. Hakuwa na kitu kingine cha mtoto wake juu ya ardhi ya nchi ile.

Sasa kuna desturi ya mtaa huo mnapaswa kuijua. Mgeni akija bustanini kwako akakisifia kitu, unakikana. Anasema, "Biringanya zako nzuri," unasema, "Aa, za kawaida tu." Akisifia tena, unakana tena. Akisifia mara ya tatu, hana utani huyo, amekipenda, na wewe huna budi kumpa: unaung'oa mche na udongo wake kwenye mizizi, usije ukashtuka ugenini, unaufunga kwenye jani la mgomba unampa mikononi. Hivyo ndivyo bustani zote za Nyuma ya Soko zilivyokuwa ndugu. Jirani yake Apolonia, kwa mfano, aliwahi kuusifia mgomba ule wakati Kemi bado anatambaa, akauita mzuri mara tatu bila kupumua, akaondoka na mtoto wa mgomba na bonge la udongo kubwa kama kichwa, huku akilalamika njia nzima kwamba ni zito.

*

Waziri Bahendwa alikuja asubuhi, na magari mengi, na bendi. Alikuwa anatafuta bustani bora ya kuonyesha kwenye televisheni, na watu wa mtaa kwa nia njema kabisa walimwelekeza kwa Mama Kemi.

"Mboji!" akapiga salamu mlangoni.

"Inaiva, Mheshimiwa. Karibu. Karibuni nyote. Jamani angalieni magunia hayo."

Waziri alivaa glavu za mpira, akainama, msaidizi akamshikia tai isiguse chini. Akachota udongo kidogo akauponda kati ya vidole.

"Udongo huu ni mzuri," akasema.

"Aa, wa kawaida tu, Mheshimiwa."

"Narudia: udongo huu ni mzuri."

Mgeni mkubwa namna hii, amesifia mara mbili! Mama Kemi akakana tena kama alivyolelewa. "Ni maganda tu hayo, Mheshimiwa. Takataka za jikoni."

Hapo mpiga picha mmoja aliyekuwa amenaswa na gunia la sukuma wiki akapiga kelele kwamba hakupata. Waziri akaweka sawa kofia, akachota upya, akamgeukia.

"Udongo huu," akasema, "ni mzuri!"

Mara ya tatu. Mama Kemi akatabasamu kwa aibu na furaha, maana ni heshima, mtu mzima na cheo chake kaupenda udongo wako kama jirani. Akakata jani la mgomba, akalikunjua, akaanza kuchota kwa viganja. "Basi karibu, Mheshimiwa," akasema. "Chukua."

Lakini Waziri hakuwa akilitazama jani. Alikuwa anaitazama bustani yote, kutoka ukuta hadi ukuta, na macho yake yalikuwa yameanza kulengalenga machozi kwa ajili ya kamera.

"Wananchi, mmesikia!" akasema. "Mama huyu mnyonge ametoa udongo wake kwa taifa! Narudia: ametoa!"

Bendi ikapiga. Mama Kemi alibaki ameshika jani lake lenye viganja vitatu vya udongo, analisogeza mbele ya huyu, mbele ya yule, hakuna wa kulipokea. Mwishowe akaumwaga udongo pale ulipotoka. Alifikiri shughuli imeisha. Hata chai aliwapikia.

*

Tipa zilifika kabla ya wiki kuisha, na katapila moja la njano, na mtu mwenye koti aliyejitambulisha kuwa Mkurugenzi wa Udongo. Jina lake Bwana Tumwesige. Alikuwa kijana, mwenye adabu, na mafua.

Walianza na magunia. Kisha mnavu. Katapila likauma udongo mweusi ule kama mtu aumavyo mkate, na kila lilipouma minyoo ilining'inia pembeni. Mama Kemi alikuwa amesimama mlangoni, khanga imemlegea, hajui aanze kulia au kucheka, maana alidhani kuna mtu atasema sasa imetosha. Hakuna aliyesema. Katapila lilipogeuza shingo kuelekea katikati, alikimbia akasimama mbele ya mgomba.

"Mwanangu," akamwambia Mkurugenzi, "mengine chukueni. Kweli, chukueni yote. Hapa tu mniachie. Hapa padogo hapa."

"Mama, zawadi haikatwi vipande. Ilishatangazwa redioni."

"Hapa kuna mtoto wangu."

Bwana Tumwesige akafuta pua. "Kuna kaburi? Kwa sababu kama kuna kaburi, utaratibu wake ni mwingine."

"Hakuna kaburi. Mngenirudishia maiti lingekuwepo. Kuna kitovu chake."

Neno lile liliwatatiza kidogo. Mkurugenzi akajitenga na wenzake, wakasimama kivulini mwa tipa wakajadiliana. Nami siwalaumu, lilikuwa swali gumu kitaalamu: je, kitovu ni asili au si asili? Mmoja akasema kina uwezekano wa kuwa na chumvi. Mwingine, aliyewahi kusoma, akasema kitovu kinaoza, na kinachooza ni mboji, na mboji ni mali ya umma. Mkurugenzi alirudi uso umemng'aa kwa kumletea mama habari njema.

"Mama, kimekubaliwa," akasema. "Hakina plastiki hata kidogo. Kitakwenda pamoja na udongo mwingine."

Mama Kemi hakumwelewa mara moja. Alipoelewa, alishika shina la mgomba kwa mikono miwili akaanza kuita. Hakumwita Waziri wala Mungu. Alimwita Kemi, kama mtu aitavyo mtoto aliye barabarani gari linakuja. "Kemi! Kemi wee! Kemi!" Mtaa mzima ulisikia. Apolonia alitoka kwake mbio na mwiko mkononi, akaja akamkumbatia, akamtoa pale kwa kumkokota, kwa sababu askari walikuwa wameanza kusogea na yeye alishaona watu wakipigwa.

Dereva wa katapila alizima mashine. Alikuwa mtu wa makamo, uso umejaa vumbi. Alivua kofia. "Mama," akasema, "nisamehe. Nina watoto wananisubiri wale." Kisha akavaa kofia, akawasha.

Walipoondoka palikuwa pamebaki shimo jekundu, pana kama uani wenyewe, kina chake kinamfika mtu mzima kifuani. Apolonia akamwambia aingie ndani apumzike. Jioni hiyo Mama Kemi alimenya viazi kwa mazoea tu. Akatoka na maganda mkononi hadi mlangoni, akasimama. Hakuwa na pa kuyapeleka. Akasimama hapo mpaka giza likaingia, maganda yakamkaukia kiganjani, akayafunga kwenye pindo la khanga, akarudi ndani nayo.

*

Baada ya muda aliitwa mji mkuu. Kulikuwa na Sikukuu ya Udongo, na yeye alikuwa ameteuliwa kuwa Mama wa Udongo wa Taifa. Apolonia akamwambia asiende. Lakini Mama Kemi alienda, na alikuwa na sababu moja tu: udongo wake uko huko, na yeye anataka kujua mwanawe amelazwa wapi.

Alivishwa utepe wa kijani. Akaonyeshwa Bustani Kuu ya Ikulu, ekari na ekari, kijani kitupu, kabichi zimepangwa mistari iliyonyooka mpaka macho yanauma. Alitembea polepole akiangalia chini. Kuna kitu hakikumkalia sawa. Hakukuwa na nzi. Hakukuwa na kipepeo, wala jani hata moja lililotobolewa na mdudu.

Mwongozaji, binti mchangamfu wa Wizara, alimweleza kwa fahari. Udongo wa Mama ulipofika, Kamati ya Usalama ilikaa, ikaona una viumbe wasiofahamika na wasioapa utii, watakaokaa karibu na chakula cha Mkuu. Ukakaangwa wote kwenye matanuri ya jeshi. Kisha ukanyunyiziwa dawa ya kuua kilichokaangwa, ikiwa kimebaki. Kisha, kwa kuwa mboga zilikataa kuota humo, likatandikwa zulia la majani ya plastiki, na kabichi zikatengenezwa kiwandani, nzuri zaidi kuliko zile za kweli, maana hizi hazinyauki. Mchicha wenyewe wa Mkuu unaletwa kwa ndege kutoka nje.

"Na udongo?" Mama Kemi akauliza.

"Upo, Mama. Uko chini ya zulia."

Binti alipogeuka kumwita mpiga picha, Mama Kemi aliinama akanyanyua pembe ya zulia. Chini kulikuwa na vumbi, kavu, rangi ya unga wa muhogo. Akachukua kidogo akanusa. Lilinuka dawa. Alijaribu tena, akafumba macho, akatafuta ile harufu ya mvua, akatafuta harufu ya chochote. Hakuipata. Lakini lilikuwa vumbi la kwake, humo ndani lazima alikuwemo, hata akiwa amekaangwa, na mama hachagui hali ya mtoto wake. Akaamua ataomba. Kiganja kimoja tu.

Na atamwombaje Mkuu wa Nchi? Hakujua lugha ya Ikulu. Alijua ya kwao tu, na alikuwa amesikia Mkuu alizaliwa kijijini, akalelewa na bibi yake, kwa hiyo akaona watasikilizana.

Alipoitwa jukwaani aseme neno la shukrani, alisimama mbele ya Mkuu, akapiga goti kidogo.

"Mtukufu," akasema, "udongo wako ni mzuri."

"Asante, mama," akasema Mkuu.

Watu wakapiga makofi. Mama Kemi alingoja. Pengine ni namna ya huku ya kukana.

"Mtukufu, udongo wako ni mzuri."

"Asante sana, mama. Asante." Mkuu akawageukia wageni, akacheka kidogo. "Wananchi wanafurahi wenyewe."

Makofi tena. Waziri Bahendwa aliinuka kabisa kitini akapiga makofi mikono juu ya kichwa, maana na yeye alipenda jambo linalorudiwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Kemi wazi, hajali tena, na mikono ameikunja mbele kama mtu anayengoja kupewa kitu kwenye jani. Alimtazama Mkuu usoni, akamtafuta yule mtoto wa kijijini humo ndani.

"Baba," akasema, "udongo wako ni mzuri. Ni mzuri, baba."

Mkuu alifungua mdomo. Kuna waliokuwa karibu wanaoapa kwamba alielewa, kwamba uso wake ulibadilika, kama mtu aliyesikia sauti ya bibi yake chumba cha pili. Mimi sijui, sikuwepo. Ninalolijua ni kwamba sekunde hiyohiyo Mkuu alishika ubavu.

Gesi ilikuwa imerudi. Na Mkuu akishika ubavu, hotuba hukatwa. Bendi ikapiga kwa nguvu zote, walinzi wakamshika Mama Kemi viwiko kwa heshima wakamshusha, na akarudishwa kwao na utepe wake wa kijani. Mikono yake ilikuwa mitupu.

*

Mtadhani gesi iliporudi amri za asili zilifutwa. Nani angeitangaza? Zilizidi. Waziri Bahendwa alikuwa ameona jinsi udongo ulivyopatikana bila jasho, akaiita njia ile Mpango wa Taifa wa Kusifia. Magari ya Sifa yakaanza kuzunguka mitaani. Ofisa anashuka, anasifia kuku wako mara tatu, tipa inafuata nyuma. Watu si wajinga. Nchi nzima ikajifunza lugha mpya. Mgeni akikaribia, mwenye nyumba anatoka mbio kusema mboga zake ni mbovu, kuku wake vilema, mtoto wake mchanga sura mbaya ajabu. Marafiki wakawa wanatembeleana na kutukaniana bustani kwa mapenzi yote. Anayekuchukia ndiye anayekusifia.

Mama Kemi hakuhitaji hiyo lugha, hakuwa na cha kusifiwa. Shimo lilijaa maji ya mvua, vyura wakahamia. Alikaa ndani. Hakuwa akipika, ila akipewa chakula alikula kidogo. Kila siku maganda ya chochote alichokula aliyafunga kwenye pindo la khanga, na pindo likawa zito, likaanza kunuka, na Apolonia akaogopa kwamba mwenzake anaondokewa na akili.

Siku moja Apolonia alikuja akamshika mkono bila maneno, akampeleka kwake, uani, nyuma ya banda la mbuzi.

"Tazama," akasema.

Palikuwa na mgomba. Mrefu, mnene, na mkungu umeinama mpaka umeegeshewa mti. Mama Kemi aliutazama bila kuelewa.

"Mwenzangu," akasema Apolonia, "umesahau? Ulinipa wewe mwenyewe. Kemi alikuwa anatambaa, alinipaka matope gauni zima. Na lile bonge la udongo, loo, nilikaribia kulitupa njiani! Halikutoka shinani pale pale? Halikutoka palepale ulipomzika kitovu?"

Mama Kemi alisogea. Akapiga magoti, akafukua kidogo kwa vidole penye mizizi, akachota, akanusa. Kulikuwa na harufu ya mvua. Sauti iliyomtoka Mama Kemi, Apolonia hajawahi kuisikia kwa mtu, wala kabla wala baadaye. Apolonia akalia naye, akampapasa mgongo.

"Sifia basi," akamwambia. "Sifia, mwenzangu, nikupe. Mtoto wake huyu hapa pembeni. Tutafukia lile shimo, tutabeba udongo kwa ndoo, hata ikituchukua uzee wote. Sema tu ni mzuri."

Mama Kemi alifungua mdomo aseme. Ndipo injini ilipozima nje ya ua, na kichwa cha ofisa kikachungulia juu ya michongoma.

"Mboji!"

"Inaiva," akaitikia Apolonia.

"Huo mgomba hapo, akina mama," akasema ofisa, akanyoosha shingo. "Naona kama mzuri. Au siyo?"

Mama Kemi ndiye aliyesimama. Alifuta uso kwa utepe wa Mama wa Udongo wa Taifa, uliokuwa bado begani mwake, maana pindo la khanga lilikuwa limejaa maganda, akaweka mkono mmoja kwenye shina.

"Mbaya," akasema.

"Mbona umezaa?"

"Ndizi zake chungu. Mbaya, baba. Una ugonjwa. Nimeishi miaka yangu yote sijaona mgomba mbaya kama huu."

Ofisa alimtazama yule mama aliyejaa matope na machozi, akautazama mgomba, akaona wanafanana. Akapandisha mabega, akarudi garini. Walisikiliza injini mpaka ikapotelea upande wa soko.

Apolonia alishusha pumzi. "Kaenda," akasema. "Sasa sema. Kaenda, mwenzangu, sema."

Lakini Mama Kemi alitikisa kichwa. Alikuwa amefungua pindo la khanga, anatoa maganda yake yote ya siku zote, makavu kwa mabichi, anayafukia moja moja shinani kwa mkono. Alipomaliza aliukumbatia mgomba, akaegemeza shavu.

"Mbaya wee," akaunong'oneza. "Mbaya wee, mwanangu. Mbaya kabisa."